Amepona Saratani, Nani Atamrudishia Sauti?

Ipo kauli inayopita katika baadhi ya ofisi za umma, na kwa kuwa hupita kwa sauti ya chini, haijapata bado jibu la hadharani. Kauli yenyewe ni kwamba kumwajiri mtaalamu wa tiba ya usemi katika hospitali ya saratani ni anasa. Wenye kauli hiyo husema: kwanza dawa, kwanza mashine za mionzi, kwanza vitanda, mambo ya kuwafundisha watu kusema yatafuata nchi ikishatajirika. Huyasema hayo kwa uso mkavu, kama watu waliokwisha kupiga hesabu zote. Lakini hesabu yao ina kasoro, na kasoro hiyo hulipwa na mgonjwa mnyonge, siyo na yule aliyekosea kujumlisha.

Ni vema kwanza kueleza kazi yenyewe, kwani wengi wanaoibeza hawajapata kuijua. Mtaalamu wa tiba ya usemi si mwalimu wa matamshi mazuri, wala si mshauri wa watangazaji wa redio. Ni mtumishi wa afya ambaye eneo lake ni mdomo, ulimi, koo na zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo ndani ya kikoromeo. Viungo hivyo hufanya kazi mbili ambazo mtu mwenye afya hazifikirii kuwa na uhusiano wowote: kusema na kumeza. Maumbile yameziweka kazi hizo mbili katika njia moja. Saratani ikiingia katika njia hiyo huziharibu zote, na mara nyingine tiba yenyewe ndiyo inayomalizia uharibifu. Kwa hiyo kijana aliyetoka chuoni na kupangiwa wadi ya saratani hapotezi siku yake kuwasahihisha watu tofauti ya "r" na "l". Huenda akatumia saa nzima akimtazama mtu mmoja anavyomeza vijiko vitano vya uji.

Achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa shule ya msingi wa miaka hamsini na kitu, aliyevuta sigara tangu ujana. Sauti yake inaanza kukwaruza. Anadhani ni vumbi la chaki. Anatafuna tangawizi, anakunywa maji ya ndimu, zahanati inampa dawa ya kifua, na miezi inapita. Anapofikishwa kwa daktari wa pua, koo na masikio, uvimbe umekwisha kukua, na njia iliyobaki ya kuyaokoa maisha yake ni kuliondoa zoloto zima. Upasuaji unafaulu. Tangu siku hiyo mwalimu huyo anapumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Hewa haipiti tena puani wala mdomoni. Hawezi kumwita mwanafunzi wa dawati la nyuma. Hawezi kupuliza chai ya moto. Harufu ya mchuzi jikoni haimfikii kama zamani. Akizimia barabarani, msamaria atakayemziba pua na kumpulizia hewa mdomoni atakuwa anahangaika bure, kwani mapafu yake hayafikiki tena kwa njia hiyo. Na kama angekuwa mvuvi wa Mafia au Kilwa, maji yakimfika shingoni yangeingia moja kwa moja mapafuni.

Katika jalada lake ataandikiwa kwamba saratani imeondolewa, na ni kweli imeondolewa. Lakini mtu aliyeishi kwa sauti yake kwa miaka thelathini anapelekwa nyumbani na kijitabu cha mahudhurio na dawa za maumivu, kisha ofisi inajipongeza kwamba kazi imekwisha. Ni nani aliyemwambia, kabla ya kisu, kwamba ataamka bila sauti? Nani aliyemwandalia ubao mdogo na chaki ili asubuhi ya kwanza aweze kumwambia muuguzi kwamba anasikia maumivu, kwamba ana kiu, kwamba kamasi limeziba tundu? Mambo hayo hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji mtu ambaye kazi yake ni hiyo na ambaye amefundishwa kuifanya.

Wapo wanaodhani kwamba kumrudishia mgonjwa sauti ni nyongeza iliyobuniwa na mataifa tajiri baada ya kushiba. Historia inawasuta. Tarehe 31 Desemba 1873, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth aliliondoa zoloto lote la mgonjwa wa saratani, upasuaji unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo kwa ugonjwa huo. Msaidizi wake, Carl Gussenbauer, alimtengenezea mgonjwa yuleyule zoloto la bandia, na mwaka 1874 habari zake zikaelezwa mbele ya madaktari wenzao. Mgonjwa alisema. Baada ya miezi michache ugonjwa ulimrudia akafa, lakini alikuwa amesema. Wakati huo eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Hiyo ilikuja mwaka 1895. Penisilini haikuwapo. Tiba ya mionzi haikuwapo. Waliokuwa na vifaa hafifu kuliko hospitali yoyote ya mkoa ya leo waliona kwamba kuchukua sauti na kutafuta sauti nyingine ni sehemu mbili za kazi moja. Inakuwaje basi, miaka mia moja na hamsini baadaye, mtu mwenye shahada na meza ya mninga aseme kwamba sehemu ya pili ingoje?

Hata hivyo sauti ndiyo inayosikika, na kwa hiyo ndiyo inayotetewa kwa urahisi. Jambo zito zaidi ni kumeza, na hapa ndipo mtaalamu anayeanza kazi hukutana na mtihani wa kwanza ambao hapana kitabu kilichomwandaa nao kikamilifu. Kumeza ni tendo la sekunde moja tu. Ulimi husukuma, zoloto hupanda, mlango wake hufungwa, pumzi husimama, chakula huteremka kuelekea umio. Mgonjwa wa saratani ya koo anayepigwa mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba, hupata vidonda mdomoni, mate hukauka, misuli ya koo huanza kukakamaa. Mlango unachelewa kufunga. Kilichokusudiwa tumbo kinaingia mapafuni. Wengine hukohoa, na hao wana bahati. Wengine hawakohoi kabisa, maana koo limekwisha kufa ganzi. Wanakula wakitabasamu huku chakula kikishuka pasipostahili, na baada ya siku chache wanapandwa na homa ya mapafu. Ndugu wa mgonjwa husema saratani imemzidi, kumbe alichozidiwa nacho ni chai.

Naam, chai. Mila njema ya Waafrika ni kutomwacha mgonjwa bila kitu kinywani, na kinachodhaniwa kuwa chepesi kuliko vyote ni maji au chai ya rangi. Kwa koo lililochelewa kufunga, kilicho chepesi ndicho chenye hatari zaidi, kwani hukimbia kabla mlango haujafika. Mara nyingi uji uliokolea kiasi hupita salama pale maji yanapozamisha. Lakini asitokee mtu akaifanya hiyo kuwa kanuni ya jumla na kuibandika ukutani. Yuko mgonjwa ambaye ulimi wake umedhoofika hata hawezi kusukuma, na kwake uji mzito hubaki umelala kooni kisha huteleza ndani anapovuta pumzi. Huyo maji humfaa, akifundishwa namna ya kubana pumzi, kumeza, kisha kukohoa. Yuko ambaye mtori unamfaa na ndizi nzima haimfai. Yuko ambaye mlenda ndio unaomtelezea vizuri, na yuko ambaye ugali mkavu humgandamia kwenye kaakaa kwa kukosa mate mpaka apate mchuzi wa kutosha. Ndiyo sababu anatakiwa mtu wa kumchunguza kila mmoja kwa nafsi yake.

Elimu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alichapisha mwaka 1983 kitabu kilichosaidia sana kuifanya elimu ya kumeza kuwa sehemu ya kazi ya wataalamu wa usemi, kwa kutumia picha za eksirei zinazomwonyesha mgonjwa akimeza. Mwaka 2013, watafiti wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 497 wa saratani ya koo waliotibiwa kwa mionzi: walioendelea kula kwa mdomo wakati wa tiba na kufuata mazoezi ya kumeza ndio waliofanya vizuri zaidi baadaye katika kula. Wasomaji ambao ni walimu hawatashangaa. Kiungo kisichotumika husahau kazi, kama vile mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima anavyosahau kusoma.

Atauliza mwenye kushika fungu: vifaa je? Havina bei kubwa? Vingine vina bei kubwa, na hapana haja ya kudanganyana. Eksirei ya kumeza inahitaji mashine, na kamera ya kupitisha puani haiuzwi sokoni Kariakoo. Lakini kipo kipimo cha kimataifa chenye ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, cha kupangia vinywaji na vyakula kwa uzito na ulaini wake. Na uzito wa kinywaji katika kipimo hicho hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10 na saa ya kuhesabu sekunde 10. Zahanati ipi haina bomba la sindano? Mgonjwa ambaye taya limekakamaa kwa mionzi, ambaye mdomo wake haufunguki hata milimita 35, hufanyishwa mazoezi kwa vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi: vinapangwa kimoja juu ya kingine baina ya meno, na kila baada ya siku kadhaa kinaongezwa kimoja. Hapo gharama ni vijiti na subira. Asipofanyishwa, meno yake hayataweza kutibiwa, chakula hakitaingia, na daktari hataweza kuchungulia kama uvimbe umerudi.

Katika sauti pia mambo ni hivyo hivyo. Mtu asiye na zoloto ana njia tatu za kusema. Ya kwanza ni kuingiza hewa katika umio na kuirudisha juu, ili kuta za umio zitetemeke badala ya zoloto. Ya pili ni chombo cha betri kinachobanwa shingoni na kutoa mtetemo ambao mdomo huugeuza kuwa maneno. Ya tatu ni vali ndogo inayowekwa katika tundu baina ya njia ya hewa na umio, njia iliyotangazwa mwaka 1980 na Mark Singer na Eric Blom wa Indianapolis. Singer alikuwa daktari wa upasuaji. Blom alikuwa mtaalamu wa usemi. Wanaodai kwamba mtaalamu wa usemi ni msindikizaji tu wa madaktari wangepaswa kulijua jina la pili hilo.

Vali ni njia nzuri, na sauti yake ni nzuri kuliko nyingine. Lakini haidumu. Ukungu wa kooni huishambulia, na baada ya miezi kadhaa huanza kuvuja, na kinachovuja huingia mapafuni. Mgonjwa wa Sumbawanga aliyewekewa vali ya msaada na wageni waliokwisha panda ndege, bila mtu wa kuibadilisha wala vali nyingine ghalani, amepewa zawadi yenye mtego. Nchi iliyotangaza siasa ya kujitegemea mwaka 1967 haikutazamiwa isahau kwamba msaada usio na akiba nyuma yake ni deni. Vali ziletwe, naam, lakini ziletwe kwa bajeti, zikiwa na hesabu ya miaka, na mtu wa kuzitunza awe na cheo kinachojulikana. Na kabla hazijatosha, sauti ya umio, ambayo haihitaji chochote ila mwalimu na miezi ya mazoezi, ifundishwe kwa bidii. Si wote wanaoiweza. Wanaoiweza wanabaki nayo mpaka kaburini bila kumwagizia mtu kitu ng'ambo.

Tena kuna bahati ambayo wachache wameitafakari. Anayejifunza sauti ya umio huanza na sauti za "p", "t" na "k", kwa kuwa midomo na ulimi vinapozibana husaidia kuisukuma hewa kuingia umioni. Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo, tena yenye silabi zinazoishia na irabu: paka, kuku, pipa, kapu, kiti, pete, kaka. Mwanafunzi wa darasa la kwanza na mgonjwa aliyekatwa zoloto wanaweza kutumia ubao mmoja. Kiswahili pia kina mitego yake. Sauti ya "h" hutoka kwa pumzi ya mapafu ikipita zolotoni, na asiye na zoloto huipata kwa shida au haipati kabisa. Sasa salamu nyingi za Waswahili zinaanzia hapo: hodi, hujambo, habari. Mtu huyo anaporudi kijijini, neno la kwanza analotaka kulisema mlangoni ndilo linalomponyoka. Mtaalamu anayejua lugha atamfundisha kubisha mlango kwa kiganja na kuianza "abari" kwa irabu yenye nguvu. Na wasikilizaji wengi wataielewa bila taabu, kwani baadhi yao huitamka hivyo hivyo wakiwa na mazoloto yao kamili. Vilevile "bata" na "pata" zitakaribiana mno kinywani mwake, na itabidi ajifunze kuzungushia neno maneno mengine ili maana isipotee.

Je, mambo hayo yatapatikana katika vitabu vilivyotungwa London au Chicago? La hasha. Vipimo vingi vya fani hii vimetungwa kwa Kiingereza, na kifungu mashuhuri kinachotumika kupimia sauti za wagonjwa huko kinaeleza upinde wa mvua kwa Kiingereza fasaha. Kumpa kifungu hicho mkulima wa Kongwa ni kumpima Kiingereza, siyo sauti. Kasumba ya kudhani kwamba kipimo ni cha kisayansi kwa sababu tu kimeandikwa kwa lugha ya kigeni ndiyo ile ile iliyowafanya watu zamani wadhani kwamba dawa haitibu isipokuwa chungu. Vifungu vya Kiswahili vitungwe, orodha za maneno zipangwe, mbao za picha zichorwe kwa ajili ya wasiojua kusoma; na hapa Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na wataalamu wa lugha katika vyuo vikuu wana kazi yenye manufaa kuliko baadhi ya mabishano yao kuhusu istilahi ambazo hapana anayezitumia.

Na sasa afikiriwe kijana mwenyewe. Shahada ya usikivu na tiba ya usemi inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Makerere, Uganda, ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba Afrika Mashariki haina pa kuwapata. Wanapatikana, ingawa ni wachache. Kinachofuata baada ya kupatikana ndicho kinachotia aibu. Fani changa inapoingia katika utumishi, mara nyingi hukuta hapana chumba, hapana fomu, hapana mtu wa juu anayeijua. Kijana anaripoti na barua yake mkononi, anapewa kiti kwenye ukumbi, na kwa kuwa anajua kuandika vizuri anatumwa kusaidia kuandikisha wagonjwa. Baada ya miezi sita, ripoti ya ofisi inasema kwamba mahitaji ya huduma yake hayajaonekana. Yangeonekanaje, naye yuko kwenye daftari la mahudhurio?

Au hutokea kinyume chake, na pengine hiyo ni mbaya zaidi: anatupwa wadini peke yake siku ya kwanza na kuambiwa aendelee. Yapo maamuzi mazito pale. Ni yeye atakayesimama mbele ya daktari bingwa mwenye mvi na kusema kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne asipewe maji. Ni yeye atakayemweleza mama aliyeleta chakula kwa miguu kutoka Temeke kwamba chakula kile hakifai leo. Akikosea upande mmoja, mgonjwa anapaliwa. Akikosea upande wa pili, mgonjwa anabakizwa na mpira wa puani majuma mengi bila sababu na misuli yake inalala. Hata Marekani, nchi ya kibepari isiyosifika kwa huruma kwa mfanyakazi, haimwachi kijana hivyo. Mhitimu wa huko, akiwa na shahada ya pili tayari, hutakiwa na chama cha taaluma yake kufanya kazi chini ya uangalizi kwa majuma yasiyopungua 36, na saa zisizopungua 1,260, kabla hajapewa cheti cha kujitegemea. Mwalimu mpya shuleni hukaguliwa, hakimu mpya hupitiwa hukumu zake, rubani mpya huketi pembeni ya mzee. Kwa nini huyu, anayeshika baina ya pumzi na chakula cha mtu, aachwe peke yake?

Haki inadai kwamba vijana nao waambiwe ukweli. Wapo wanaoikimbia wadi ya saratani. Vidonda vya mdomo vina harufu, wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, na mtu aliyefundishwa kusema mwezi wa tatu huenda akazikwa mwezi wa tano. Kliniki ya mjini, yenye zulia na watoto wa watu wenye uwezo, inalipa vizuri zaidi na haina vilio. Watoto hao nao wanastahili huduma, hapana ubishi. Lakini aliyesomeshwa kwa mkopo uliotoka katika hazina ya umma, kisha akaona kwamba elimu hiyo ni mali yake ya kupeleka penye bei, hatofautiani na yule daktari wa miaka ya zamani aliyeikataa Kigoma kwa sababu haina sinema. Lawama hiyo ni yake. Hata hivyo lawama haitakuwa na uzito ikitolewa na ofisi ambayo haikumwekea nafasi katika ikama.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya idadi, nayo huletwa kwa majivuno kana kwamba inafunga mjadala. Saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote nchini, wanasema, ni ya mlango wa kizazi. Saratani za koo ni sehemu ndogo. Mtaalamu mzima wa nini? Kwanza, sehemu ndogo ya wagonjwa wa taifa zima si watu wachache. Pili, hoja hiyo inadhani kwamba kazi yake iko kooni tu. Mgonjwa aliyepasuliwa tezi la shingo huweza kujeruhiwa neva inayoendesha zoloto, akabaki na sauti ya mnong'ono. Mwenye uvimbe wa ubongo huweza kupoteza maneno, akamwita mkewe kwa jina la kikombe. Mtoto aliyetolewa uvimbe nyuma ya ubongo huweza kukaa majuma bila kutamka neno, na wazazi wakaamini amerogwa, kama hapana wa kuwaeleza. Kuhusu saratani ya umio, ambayo imeenea katika ukanda unaoshuka Mashariki ya Afrika kutoka Ethiopia mpaka Kusini, ukweli lazima usemwe: hapo kizuizi kiko ndani ya umio wenyewe, na mazoezi hayatakifungua, kinachotakiwa ni daktari na tiba yake. Lakini kulitambua hilo mapema, na kutompotezea mgonjwa mwezi kwa mazoezi yasiyo yake, nako ni kazi ya mtaalamu.

Tatu, kuna wale ambao hawatapona. Hao hawamo katika hesabu ya wapinzani, kwa sababu kwa mantiki ya daftari mtu anayekufa hana faida. Mzee amebakiwa na majuma mawili. Ametamani chai ya maziwa. Wadi nzima inajua kwamba anaweza kupaliwa. Je, akatazwe? Mtaalamu aliyekomaa hukaa naye na jamaa zake, hueleza hatari bila kuificha, hutafuta mkao na kijiko kinachopunguza kupaliwa, kisha humwachia mzee uamuzi wake. Na kama mzee huyo hana sauti, na ana shamba lisilogawanywa na watoto wa mama wawili, ubao wa herufi na mtu anayejua kuuliza maswali ya ndiyo na hapana huokoa ukoo mzima na kesi ya miaka kumi. Kijana wa miaka ishirini na minne hawezi kuyabeba hayo peke yake. Akiwa na mkubwa wa kumwongoza anayaweza.

Taifa hili lilipopata uhuru lilitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio na kujadili usafi na magonjwa, na wengi wa viongozi wa vikundi hivyo walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma na kusema mbele ya wenzao. Jengo la Ocean Road, ambalo Wajerumani walilifungua mwaka 1897 kuwa hospitali ya Wazungu, liligeuzwa kwa sheria ya mwaka 1996 kuwa makao ya taasisi ya saratani ya taifa zima. Bugando na KCMC nazo zinatibu ugonjwa huo, ili mtu wa Ziwa na mtu wa Kaskazini asilazimike kuvuka nchi. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hatua hizo si ndogo. Zimeuleta umma mpaka mlangoni, na ndiyo maana hairuhusiwi kwamba mgonjwa akishaingia, akachomwa mionzi na kupasuliwa kwa gharama kubwa ya umma, arudishwe kwao hawezi kumeza wala kuitika.

Basi, Ndugu mwenye kalamu ya ikama anaulizwa mambo mahususi. Je, cheo cha mtaalamu wa tiba ya usemi kimeandikwa katika kila hospitali inayotibu saratani ya kichwa na shingo, au kinahesabiwa ndani ya "wengineo"? Je, mtaalamu huyo anakaa katika kikao cha madaktari kabla ya upasuaji, au huitwa siku ya kuruhusiwa mgonjwa? Je, yupo mkubwa wa fani, hata kama ni mmoja kwa kanda nzima, hata kama ni kwa simu kutoka Muhimbili au Kampala, anayepitia maamuzi ya kijana kila juma katika mwaka wake wa kwanza? Je, kitita cha bima kinalitambua zoezi la kumeza kuwa ni tiba, au kinailipia homa ya mapafu peke yake? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla yake. Fomu ziko mezani, nafasi za kujaza zimo, na mwalimu aliyekatwa zoloto yuko kwenye benchi la ukumbini akisubiri kuitwa jina, akijua kwamba likiitwa hataweza kuitika.